Mtoto Naye Huagwa

Kila mwaka, shule na vituo vya kulelea watoto vinapofunguliwa mwezi Januari, barua za wasomaji wa safu hii huwa na kilio kimoja: mtoto anayekataa kuachwa. Mwezi huu nimechagua barua nne. Majina ya waandishi nimeyaacha, na barua zilizokuwa ndefu nimezifupisha bila kugusa maana yake.

Swali: Shikamoo, mama. Mimi ni mhasibu katika kampuni binafsi, ninaishi Tabata, Dar es Salaam. Mwanangu wa kiume ana mwaka mmoja na miezi minne. Tangu likizo yangu ya uzazi ilipokwisha alikuwa akilelewa nyumbani na dada wa kazi, lakini mwezi uliopita dada huyo alirudi kwao Singida kuolewa, nami nikalazimika kumpeleka mtoto kituoni. Asubuhi hunishika shingoni kwa mikono yote miwili. Walezi wamenishauri nisimuage, bali nisubiri mpaka ashughulishwe na vitu vya kuchezea, kisha nitokee mlango wa nyuma. Nimefanya hivyo kwa wiki tatu. Sasa hata nyumbani sina nafasi: nikienda msalani anaugonga mlango akilia, na usiku anaamka mara tatu au nne kuhakikisha kwamba nipo. Nami hulia ndani ya daladala. Je, ninamharibu mwanangu? Niache kazi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Humharibu, na sioni katika barua yako sababu ya kuacha kazi. Lakini huo mlango wa nyuma nakuomba usiupite tena, kuanzia kesho asubuhi.

Sisi ni watu wa kuaga. Mgeni aliyekunywa chai kwako hawezi kuinuka tu na kupotea. Atasema, “Jamani, mimi naondoka,” nawe utamsindikiza hadi njiani, na mara nyingi mazungumzo matamu kuliko yote hufanyika hapo hapo mnapoagana. Anayeondoka kimya tunamdhania ana kinyongo au ana jambo analolificha. Adabu hiyo tunampa hata mtu tuliyefahamiana naye leo, lakini mtoto, ambaye hana mtu mwingine duniani anayemtegemea kama anavyotutegemea sisi, tunamtoroka, kisha tunashangaa kwamba ameanza kutulinda.

Ninasema hivi nikiwa nimelifanya kosa hilo mimi mwenyewe. Nilipoanza kazi ya ulezi, miaka mingi iliyopita, waliotutangulia walitufundisha kumzubaisha mtoto ili mzazi apate upenyo, nami nikawashauri akina mama wengi vile vile ulivyoshauriwa wewe. Asubuhi moja mtoto wa kike wa umri kama wa mwanao alikuwa ameketi mkekani akipanga vifuniko vya chupa, na mama yake alikuwa kwenye kiti nyuma yake. Nilimpa mama ishara, akaondoka. Mtoto akaokota kifuniko chekundu, akageuka kumwonyesha mama yake, akakuta kiti kitupu. Hakulia papo hapo. Alikitazama kiti, akautazama mlango, akanitazama mimi, kisha akakiweka kile kifuniko chini polepole. Siku iliyofuata alikaa na mgongo wake umeegemea miguu ya mama yake, na hakugusa kichezeo chochote, kwa sababu alikuwa amekwisha kujifunza kwamba ukicheza, mama hupotea.

Ndilo jambo analolifanya mwanao pale kwenye mlango wa msalani. Tusiite kudeka wala ukorofi. Amekuwa mlinzi, kwa sababu katika wiki tatu zilizopita hakuna aliyempa ishara yoyote ya kumjulisha ni wakati gani unaondoka na ni wakati gani unabaki. Kwa hiyo analazimika kuwa macho muda wote, mchana na usiku.

Umri wake nao unachangia. Kwa kawaida hofu ya kuachwa huanza kuonekana mtoto akikaribia miezi minane, huwa kali zaidi kati ya miezi kumi na mwaka mmoja na nusu, kisha hupungua taratibu hadi karibu na miaka mitatu. Umempeleka kituoni katikati ya kilele chake. Hofu hiyo ni dalili ya akili inayokua: mtoto amekwisha kuelewa kwamba upo hata asipokuona, lakini hajaelewa bado kwamba utarudi, wala hana kipimo cha kujua saa kumi jioni iko umbali gani.

Baadhi ya mambo tunayoyafahamu kuhusu hali hii yalionekana jirani yetu tu. Kuanzia mwaka 1954 mtafiti Mary Ainsworth alikuwa Uganda, akizitembelea mara kwa mara kaya 26 za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala, akikaa sebuleni na kuwatazama watoto wachanga na mama zao. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake humwacha kwa hiari, akatambaa kwenda kuchunguza vitu, akageuka kuhakikisha yupo, akaenda mbali zaidi, kisha akarudi. Mama alikuwa kama kambi ambayo mtoto hutoka na kuirudia. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1967, na hadi leo ninapomwona mtoto akigeuza shingo katikati ya mchezo huwa ninakumbuka kwamba anachokitafuta ni kile kile: kambi ipo mahali pake?

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo umelipita haraka, nami nataka nilirudie. Mwanao amempoteza dada. Huyo ndiye aliyemwogesha, aliyempooza uji na kumbeba mgongoni tangu akiwa na miezi mitatu, akaondoka siku moja, na katika mwezi huo huo mama naye akaanza kupotea kwa mlango wa nyuma mahali pageni. Ungekuwa wewe, ungelala usingizi? Msiliondoe jina la dada nyumbani kana kwamba hakuwahi kuwepo. Mtajeni. Kama mna picha yake kwenye simu, mwonyesheni mtoto na mwambieni kwamba dada yuko Singida na anampenda. Hataelewa maneno yote, lakini ataelewa kwamba mtu akiondoka jina lake halifukiwi.

Sasa tuje kwenye asubuhi. Mjini Berlin, Ujerumani, ulibuniwa utaratibu unaofuatwa na vituo vingi vya huko: siku tatu za mwanzo mzazi hukaa kituoni na mtoto kwa muda mfupi bila kuondoka kabisa, siku ya nne huaga na kutoka kwa muda usiozidi nusu saa, na kama mtoto akilia na mlezi akashindwa kumbembeleza, mzazi hurudi na siku kadhaa huongezwa kabla ya kujaribu tena. Ninajua kwamba mwajiri wako hatakupa wiki mbili za kukaa mkekani. Omba hata siku mbili, na kama haziwezekani, mtume baba yake, shangazi au bibi, mtu yeyote ambaye mtoto anamwamini, akae naye saa moja au mbili kituoni kwa siku chache mpaka uso wa mlezi uwe uso anaoufahamu. Kwa wasomaji ambao bado wako kwenye likizo ya uzazi, ambayo kwa sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 ni siku 84, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja, ushauri wangu ni kwamba zoezi hili lifanyike kabla likizo haijaisha. Na mama anayenyonyesha asisahau kwamba sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri amruhusu kwenda kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku.

Mkabidhi mtoto kwa mlezi mmoja, awe yule yule kila siku, mkono kwa mkono, wala usimweke chini katikati ya kundi. Chuchumaa mpaka macho yenu yakutane. Sema maneno mafupi ambayo utayarudia kila siku bila kuyabadili: “Mama anakwenda kazini. Utakunywa uji, utalala, ukiamka utacheza, mama atakuja.” Usimwambie saa, mwambie uji na usingizi, kwa kuwa hizo ndizo saa anazozijua. Kisha nenda. Atalia, na pengine kwa siku chache atalia zaidi ya alivyokuwa akilia ulipokuwa ukitoroka, kwa sababu sasa anaona. Usirudi kutoka getini kumbusu mara ya pili na ya tatu, kwa maana kila ukirudi unamfundisha kwamba kilio bado kinajadiliwa. Mwombe mlezi akutumie ujumbe baada ya robo saa. Mara nyingi utakuta mtoto ameshanyamaza wakati wewe bado unajifuta machozi kwenye kiti cha daladala.

Mpe kitu chako akae nacho. Kipande cha kanga uliyoilalia kinatosha, na usikifue kila siku, kwa sababu harufu ndiyo anayoitaka. Na uliloahidi, litimize. Kama umesema utakuja akiamka, usije jua limezama. Jioni akikuona akaangua kilio, au akakupa mgongo, usivunjike moyo wala usidhani ameteswa; alikuwa ameushikilia mzigo wake tangu asubuhi, na sasa amempata mtu wa kumtulia.

Swali: Mimi ni mlezi katika kituo kimoja jijini Mwanza. Tuko walezi wawili na watoto 14 wa kati ya mwaka mmoja na mitatu. Mwaka huu tumepokea watano wapya kwa siku moja. Mmoja akianza kulia, wote wanafuata, hata wale wazoefu. Mwenye kituo ameagiza wazazi waishie getini kwa sababu anasema ndio wanaodekeza. Nifanye nini?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, pole kwa kazi. Watoto 14 wa umri huo kwa watu wawili ni mzigo mzito hata siku ambayo hakuna mgeni, na nakuomba umweleze hivyo mwenye kituo kwa heshima na bila kumficha.

Wapya watano kwa siku moja ndio mwanzo wa tatizo. Kilio huambukiza kwa sababu mtoto mzoefu akisikia mwenzake akimwita mama, naye humkumbuka wa kwake. Mshawishi mwenye kituo apokee mtoto mmoja au wawili kwa wiki, na ada isipungue kwa yule anayesubiri wiki moja zaidi, maana mara nyingi hofu yake iko hapo. Gawaneni watoto: wewe wako saba, mwenzako wake saba, kila mtoto ajue anakimbilia kwa nani. Mgeni abebwe mgongoni kwa kanga huku ukigawa uji. Mikono yako itabaki huru, naye atapata joto la mtu.

Kuhusu geti, hapo mwenye kituo amekosea. Mzazi anayeketi mkekani siku mbili za mwanzo akikuona unavyomfuta mtoto kamasi na unavyomwita kwa jina lake ataondoka na utulivu, na mtoto huusoma utulivu huo usoni mwake. Mzazi aliyefungiwa nje humkabidhi mtoto kwa mikono inayotetemeka.

Na kuna maneno ambayo nayasikia vituoni nami huniuma. “Ukilia, mama hatakuja.” “Nyamaza, mama anakuja sasa hivi,” ilhali ni saa mbili asubuhi. La kwanza ni ukatili na la pili ni uongo, na mtoto atakudai uongo huo mchana kutwa. Mwambie kweli kwa sauti ya chini: “Unamtaka mama. Mama yuko kazini. Atakuja baada ya kulala. Mimi niko hapa na wewe.” Hatanyamaza mara moja, lakini ataegemea.

Swali: Mtoto wetu wa kiume ana miaka miwili na nusu. Amekwenda kituoni miezi mitano bila tatizo, lakini wiki mbili sasa akiona tu njia ya kwenda huko anapiga mayowe. Mama yangu anasema tunamlea kike na dawa yake ni kumwacha alie. Mimi kama baba sijui nimsikilize nani. Ninaandika kutoka Dodoma.

Jibu: Ndugu yangu, nimefurahi kwamba ni baba aliyeandika. Kwa heshima zote kwa bibi, hofu haina jinsia, na mtoto wa kiume aliyekatazwa kulia haachi kuogopa. Huacha tu kukuambia.

Mtoto aliyekuwa ametulia akabadilika ghafla ana sababu. Tafuteni kwanza zilizo karibu: je, mlezi aliyemzoea ameondoka? Mmehama nyumba? Mama ana mimba au amejifungua? Mtoto aliugua akakaa nyumbani siku kadhaa? Mara nyingi jibu liko hapo, na dawa yake ni kuanza upya taratibu kama mgeni. Jaribuni pia wewe uwe unampeleka na mama awe anamchukua. Wako watoto ambao huagana na baba kwa wepesi zaidi.

Lakini msilale kabla ya kuthibitisha kwamba hakuna la hatari. Nenda kituoni saa ya mchana bila taarifa, na ukizuiwa kuingia, hilo peke yake ni jibu. Mtazame mwili unapomwogesha. Angalia kama anamwogopa mtu mmoja maalumu, kama ameanza kukataa kuvuliwa nguo, kama amekonda, au kama analala kupita kiasi akirudi. Ukiona alama au ukishuku, usimrudishe huko kesho yake. Piga simu namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, ambayo haina malipo, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa eneo lenu, au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi.

Swali: Mwandishi, mimi ni bibi, naishi Muheza, Tanga. Binti yangu na mumewe waliniletea mjukuu akiwa na miezi saba kwa sababu ya kazi zao Dar es Salaam. Sasa ana miaka mitatu na ananiita mama. Mama yake anamwita kwa jina. Wanataka kumchukua mwezi huu aanze kituo. Mpango wao ni kufika jioni na kuondoka naye alfajiri akiwa usingizini ili asishtuke, nami nimeambiwa nisimpigie simu kwa miezi mitatu ili anisahau haraka. Moyo wangu ni mzito. Je, ninang'ang'ania kitu kisicho changu?

Jibu: Shikamoo, bibi. Barua yako niliisoma usiku, nikairudia asubuhi.

Hung'ang'anii. Miaka miwili na zaidi ya kuamka na mtoto mwenye homa haiwezi kuitwa kitu kisicho chako. Wazazi wana haki ya kuishi na mtoto wao, na ni jambo jema kwamba wanamtaka. Hakuna katika barua yako linaloonyesha kwamba unapinga. Unachohofia ni namna, na namna yao ni mbaya kweli. Tafadhali mpe binti yako ukurasa huu ausome.

Mwanangu, fikiria mtoto anayefumba macho kwenye kitanda cha bibi yake, akasikia jogoo na harufu ya kuni, kisha akayafumbua ndani ya chumba cha mjini chenye feni, mbele ya watu anaowajua kwa sauti za simu. Mnasema hatashtuka. Atashtuka, na zaidi ya hapo ataanza kuuogopa usingizi, kwa kuwa ni usingizini ndimo alimopotezewa mama. Mnategemea damu itawavuta. Kwa mtoto wa miaka mitatu damu haina sura. Sura aliyonayo ni ya yule aliyemlisha.

Ombeni ruhusa, nendeni Muheza mkae hata siku tano. Mwogesheni ninyi, mlisheni ninyi, bibi akiwa kando anaona na kuridhika, ili mtoto amwone akiwapa ruhusa. Kisha safirini wote mchana, mtoto akiwa macho, na bibi akae nanyi Dar es Salaam wiki mbili. Bebeni kikombe chake, mkeka wake na kanga ya bibi ambayo haijafuliwa. Kituo kisubiri. Kumhamisha nyumba, kumbadilishia mama na kumwingiza kituoni katika wiki moja ni kumvunjia daraja tatu kwa mpigo. Mpeni mwezi mmoja nyumbani kwanza, hata kama itawalazimu kupeana zamu au kumwomba ndugu asaidie.

Kuhusu jina, asilazimishwe. Mwacheni amwite bibi “mama” na akuite unavyoitwa sasa. Siku atakayokuita mama yatakuwa maneno yake mwenyewe, na hutasahau ilikuwa saa ngapi.

Nawe, bibi, piga simu. Piga mara mbili au tatu kila juma, jioni zile zile, kwa muda mfupi, umweleze kuku wametaga mangapi na mwembe umefikia wapi. Akilia simuni, mama yake amkumbatie na asiikate simu kwa hasira. Kilio hicho ni cha kukukumbuka, na mtoto anayeruhusiwa kukumbuka huzoea upesi kuliko yule anayetakiwa kusahau. Pangeni tarehe ya likizo atakayokuja Muheza, na muiweke kweli.

Huzuni yako pia ina haki yake. Nyumba itakuwa kimya, nawe utajikuta ukipakua sahani mbili. Usikae peke yako wiki ile. Mwite jirani, mwambie mwanao mwingine aje kulala.

Na siku ya kupanda basi kurudi Muheza, wapo watakaokushauri uondoke alfajiri yeye akiwa amelala. Usiwasikilize. Mwamshe, mkalishe mapajani, mwambie unakwenda nyumbani na kwamba utampigia jioni. Muage.